Mama na Mtoto Katika Shamba la Maua Mekundu

Juma hili twaomba ruhusa ya kuwaketisha wasomaji wetu kitako mbele ya picha moja. Si picha ya mtu mashuhuri wala ya jengo tukufu. Ni picha ya shamba. Ilichorwa mwaka 1873 na Mfaransa Claude Monet, karibu na mji mdogo wa Argenteuil ulio ukingoni mwa mto Seine, kaskazini-magharibi mwa Paris. Wafaransa huiita kwa jina la maua yaliyomo ndani yake, Coquelicots, yaani mipopi. Picha yenyewe hasa imo katika Makumbusho ya Orsay mjini Paris, na ukubwa wake ni sentimita 50 kwa 65, haizidi sana sinia la pilau.

Nakala iliyochapishwa tuliletewa na mpwa wetu aliyekuwa akisoma Ulaya. Hatukuitundika ukutani. Wasomaji wetu wajua kwamba wanavyuoni wana maneno mengi juu ya picha za viumbe wenye roho, na nyumba yetu ni miongoni mwa nyumba zilizozoea kuacha kuta zake bila sura za watu. Makala haya si mahali pa kuufungua mjadala huo. Tumeiweka katika mtoto wa meza, baina ya karatasi mbili ngumu. Tunapotaka kuitazama huitoa, na tukishatosheka huirudisha. Yamkini hilo limetufaa, kwani kitu kilichotundikwa ukutani, baada ya mwezi mmoja hakionwi tena na wenye nyumba. Kitu kinachotolewa kwa makusudi hutazamwa.

Basi na tukitazame. Tuanze juu. Takriban nusu ya picha ni mbingu, buluu iliyopauka, yenye mawingu meupe yaliyotawanyika kama sufi iliyochambuliwa ili kutiwa mtoni. Chini ya mbingu umepita mstari wa miti ya kijani kilichokoza, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na katikati ya miti hiyo yachungulia nyumba moja yenye paa la wekundu. Chini ya miti ni nyasi ndefu. Upande wa kulia nyasi hizo zina kijani kilichofifia, karibu na kijivu, utadhani upepo umezipitia sasa hivi ukazilaza. Upande wa kushoto kuna mteremko mdogo, na mteremko huo umejaa maua mekundu tangu juu hadi chini.

Ndani ya nyasi wamo watu wanne. Mbele, karibu nasi, anatembea mwanamke aliyevaa kofia na kushika mwavuli wa kujikinga na jua. Pembeni yake yuko mtoto, naye ana kofia yake, na mkononi ameshika shada la maua aliyoyachuma. Nyasi zimemmeza mtoto hadi kifuani. Mbali kidogo, kule juu ya mteremko upande wa kushoto, amesimama mwanamke mwingine na mtoto mwingine. Ni hao tu. Hakuna anayekimbia, hakuna anayelia, hakuna tukio lolote ambalo mtu angelisimulia jioni akirudi nyumbani. Mama na mtoto wanapita katika nyasi, siku ya jua.

Msomaji wa pwani huenda akauliza, jua nalo lina ajabu gani hata lichorewe picha? Sisi jua tunalikimbia. Neno letu kiangazi latutajia visima vilivyokauka, mihindi iliyonyauka na vumbi la njiani. Lakini majira ya joto ya Wafaransa si kiangazi chetu. Katika miji yetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, na tofauti yake ni dakika chache tu. Paris si hivyo. Mwezi wa Desemba mchana wao ni saa nane hivi. Mwezi wa Juni mchana huo huo hurefuka ukafikia saa kumi na sita. Walio na watoto au ndugu katika nchi hizo wanayajua haya kwa simu wanazopigiwa, pale Ramadhani inapoangukia miezi hiyo na swala ya Isha ikawa ya usiku mkubwa. Kwa hiyo watu wa huko wakitoka shambani mwezi wa Juni, wanatoka kuchukua kitu ambacho wamekingoja kwa muda mrefu, na ambacho kitaondoka baada ya majuma machache. Tukilijua hilo, yule mwanamke mwenye mwavuli tutamtazama kwa jicho lingine. Hakwenda kupoteza wakati. Amekwenda kuuwahi.

Na maua yale? Kwa mkulima wa ngano, mpopi wa shamba ni gugu. Haulimwi wala haupandwi. Mbegu zake ndogo sana hulala ardhini miaka mingi, na udongo unapopinduliwa na jembe zikapata mwanga, huota zenyewe katikati ya mazao. Tusiuchanganye na ndugu yake anayetoa afyuni, huo ni mmea mwingine wa ukoo huo huo. Huu wa Argenteuil ni wa porini, wenye petali nne nyembamba mithili ya karatasi ya kufungia halua, na ukiuchuma hunyauka upesi, petali zikaanguka. Mwenye shamba angeuona akaingiwa na wasiwasi wa mavuno. Mchoraji aliuona akasimama. Gugu moja, macho mawili, na kila jicho lilikuwa na haki yake.

Sasa tuikaribie picha zaidi, kwa sababu hapa ndipo ilipo elimu yake. Ukiisogeza machoni, maua hayapo. Hakuna petali, hakuna kikonyo, hakuna jani. Kuna madoa ya rangi nyekundu yaliyowekwa kwa brashi, moja hapa, moja pale, na yale ya mbele yamefanywa makubwa kupita kiasi, hata ukiyalinganisha na kichwa cha mtoto utayaona hayalingani. Iweke mbali, urefu wa mkono au hatua mbili, na mara yale madoa yanakuwa shamba zima la maua yanayotikisika. Mchoraji hakukuchorea ua. Alikuwekea kile ambacho jicho hukipata linapopita juu ya maua pasi na kusimama, na jicho lako likaimaliza kazi.

Wekundu huo nao haung'ari kwa nguvu zake peke yake. Umewekwa juu ya kijani, na rangi hizi mbili zikikutana kila mmoja humpandisha mwenziwe. Jambo hili lilichunguzwa na mwanakemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, akaliandikia kitabu mwaka 1839. Lakini kina mama zetu hawahitaji kufundishwa na Chevreul. Mwanamke anayechagua leso dukani, akazikunjua mbili tatu na kuziweka sambamba kabla ya kusema neno, anajua fika kwamba nyekundu ikikaa juu ya kijani hupiga kelele, na ikikaa juu ya kahawia hunyamaza.

Uchoraji wa namna hii ulikuwa mgeni wakati ule. Wachoraji wengi walioheshimiwa walimalizia picha zao ndani ya vyumba vyao vya kazi, wakilainisha rangi hata alama ya brashi isionekane. Monet na wenzake walitoka nje na turubai zao, wakachora pale pale palipo na upepo na mwanga. Waliwezeshwa kwa sehemu na kitu kidogo sana. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alivumbua vibomba vya bati vya kutilia rangi ya mafuta, mfano wa vile vya dawa ya meno tunavyovitumia leo. Kabla ya hapo rangi zilihifadhiwa katika vibofu vya wanyama, zikakauka upesi na kumwagika njiani. Kibomba chenye kifuniko ndicho kilichompa mchoraji ruhusa ya kwenda shambani.

Mwaka 1874 wachoraji hao, takriban 30, walikodi vyumba vilivyokuwa vya mpiga picha Nadar, katika barabara ya Capucines mjini Paris, wakaonyesha kazi zao wenyewe bila ya kupitia maonyesho makubwa yaliyotambuliwa na serikali. Picha hii ya mipopi ilikuwamo. Ilikuwamo pia picha ya Monet ya bandari ya Le Havre wakati wa macheo, ambayo jina lake lilikuwa na neno impression, lenye maana ya athari inayobaki katika jicho au moyo. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, akalishika neno hilo akalifanya dhihaka, akawaita wote Waimpreshonisti, yaani watu wa athari tu, wasiomaliza kazi. Dhihaka ikawa jina, na wenyewe wakaja kulichukua bila ya kuona haya. Kina mama wanaosoma jarida hili wajue pia kwamba miongoni mwa walioonyesha kazi zao siku zile alikuwamo mwanamke, Berthe Morisot. Katika picha zake ilikuwamo ya dada yake aliyeketi kando ya susu la mtoto wake aliyelala, shavu kaliegemeza mkononi, akimtazama tu. Nayo pia imo Orsay hivi leo.

Turudi kwa watu wetu wanne. Siku ya kwanza tulipoitoa nakala yetu, tulikuwa tumeketi na mama watoto baada ya Alasiri, kahawa iko mezani. Sisi tulikuwa tukihesabu rangi. Yeye aliitazama kwa muda, akasema, "Hawa si wanne. Hawa ni wawili. Walikuwa kule juu, sasa wamefika hapa." Tulimuuliza amejuaje, na picha haikuandikwa neno. Akajibu, "Nimelea watoto. Ukitembea na mtoto njia hiyo hiyo, unamwona pale alipokuwa na hapa alipo."

Baadaye tulisoma kwamba wengi walioichunguza picha hii wamesema neno kama hilo. Wale wawili wa juu na wale wawili wa chini ni mfano wa watu wale wale, mama na mtoto, na mteremko uliopo baina yao ndiyo njia waliyoipita. Huaminika kwamba waliosimama mbele ya mchoraji walikuwa mkewe, Camille, na mwana wao Jean. Mwaka 1873 Camille alikuwa na umri wa miaka 26, na Jean alikuwa akikaribia au ndiyo kwanza ametimiza miaka sita.

Tena tuangalie, nyuso zao hazikuchorwa. Uso wa mama ni doa la rangi chini ya kofia. Uso wa mtoto hali kadhalika. Hakuna jicho, pua wala kinywa. Hata hivyo hakuna mtazamaji anayesema, "Hawa ni nani?" Jinsi mama alivyouegemeza mwavuli, jinsi mtoto alivyobaki nyuma kidogo kwa ajili ya maua yake, vinatosha. Mtu angeliweza kuudhika akasema picha haikukamilika, na wapo waliosema hivyo mwaka 1874. Lakini wenyeji wa pwani yetu ni watu wa mwisho wa kulishangaa jambo hili. Nenda katika nyumba ya harusi, au nje ya madrasa wakati wa kutoka chuoni, kina mama hamsini wamesimama, wote ndani ya mabuibui meusi, na wengine wamefunika nyuso. Fungua mlango watoto watoke. Kila mtoto hukimbia moja kwa moja kwa mama yake. Hakisii wala hasiti. Amemjua kwa mabega, kwa namna anavyosimama, kwa mkoba ulivyoning'inia, kwa mguu mmoja aliouweka mbele. Sura ni sehemu ndogo tu ya mtu anayependwa.

Tuna sababu yetu wenyewe ya kulisema hili. Mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuacha picha hata moja. Hakupenda kupigwa, na wakati wake kamera zilikuwa za watu wachache. Wajukuu zake hutuuliza alikuwa na sura gani, na kila tukijaribu kuwaeleza, maneno hutuishia katika kipaji na pua, vitu ambavyo huwa navyo kila binadamu. Lakini twaweza kuwaeleza alivyokuwa akitembea. Utotoni mwetu, katika miaka ya sabini, alikuwa akituchukua shambani, upande wa Likoni, kwenye minazi na mihogo. Tulishuka katika feri, tukaingia njia ya mchanga, naye akafungua mwavuli mweusi ambao ubavu wake mmoja ulikuwa umevunjika, kwa hiyo upande mmoja ulilegea kama sikio la mbuzi. Aliuelekeza upande mzima kwetu, na upande uliolegea akauchukua yeye. Leso aliyojitanda ilikuwa na wekundu ndani yake, michoro yake hatuikumbuki. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, bila ya kugeuka, akingoja kusikia nyayo zetu, na akizisikia aliendelea.

Mwavuli, wekundu, kusimama bila ya kugeuka. Ni madoa matatu ya rangi, wala hayatoshi kumtengenezea mtu kitambulisho. Lakini tunapowaeleza wajukuu habari hizo, wao humwona. Mmoja wao, binti wa miaka saba, alisema, "Basi bibi alikuwa na masikio makali." Hakuna uso ambao ungempa neno hilo.

Sasa tuseme yaliyompata yule mama wa Argenteuil, maana picha hii haiwezi kutazamwa vile vile baada ya kuyajua. Familia ya Monet ilihamia Argenteuil mwishoni mwa mwaka 1871, baada ya vita vya Ufaransa na Prusia vilivyowafanya wakimbilie London. Katika vita hivyo madaraja ya Argenteuil yalivunjwa, yakajengwa upya. Mji wenyewe ulikuwa ukibadilika, reli ilikuwa imeuunganisha na Paris kwa safari ya dakika kumi na tano hivi, na viwanda vilikuwa vikiongezeka. Hela za nyumba hazikutulia, mwaka huu zimo, mwaka ule hazimo. Wakaondoka hapo mwaka 1878, na mwaka huo Camille akajifungua mwana wa pili, Michel. Afya yake haikurudi. Tarehe 5 Septemba 1879, katika kijiji cha Vétheuil, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32. Toka siku ile ya mipopi hadi siku hiyo ilikuwa miaka sita tu.

Monet alimchora mkewe akiwa maiti kitandani, na picha hiyo nayo imehifadhiwa Orsay. Miaka mingi baadaye alimsimulia rafiki yake Georges Clemenceau, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, jambo lililomtia hofu juu ya nafsi yake. Akiwa ameketi pale kando ya mtu aliyempenda, alijikuta macho yake yanafuatilia rangi zilivyokuwa zikibadilika juu ya uso wake, buluu, manjano, kijivu, kabla hata moyo haujapata nafasi ya kuaga. Macho yalikuwa yamezoea kazi, yakaendelea na kazi.

Maneno hayo yanatukaa rohoni kila tunapoitoa nakala yetu. Yamebeba mambo mawili, na ni vyema tuyatenge. La kwanza ni tahadhari. Mtu aweza kuwa na jicho kali sana, akaona kila kivuli na kila rangi, na bado kazi yake ikamtangulia mbele ya watu wake. Katika zama zetu hahitaji hata kuwa mchoraji. Tumehudhuria akika ambapo mtoto aliyefanyiwa shughuli alionwa na wageni wote kupitia vioo vya simu, na simu zilipowekwa chini mtoto alikuwa ameshalala. Kumpiga mtoto picha mia si sawa na kumtazama mara moja.

La pili ni bishara. Siku ile ya 1873 Monet hakujua kwamba ana miaka sita tu ya kuwa na Camille. Hakuna mume ajuaye. Pembeni mwa mji kulikuwa na viwanda, ambavyo hakuvitia katika picha hii. Mtu aweza kusema alidanganya. Sisi hatuoni hivyo. Viwanda vilikuwapo na shamba nalo lilikuwapo, na saa ile yeye alilielekea shamba, kwa kuwa ndani yake alikuwamo mkewe na mwanawe wakipita. Alilipa tembezi lile la kawaida heshima ambayo wenzake waliwapa wafalme na majemadari. Akawachora mara mbili, kule na hapa, kama mtu anayetaka kuirefusha njia.

Kina mama wengi huja kwetu na mashauri ya nyumbani, na lalamiko moja tumelisikia kwa sauti nyingi tofauti. Mama hasemi kwamba mumewe ni mbaya, wala kwamba hapewi matumizi. Anasema, "Sheikh, hatazamwi mtu mle ndani." Mume huingia akauliza chakula. Watoto huingia wakauliza chaji. Naye mwenyewe hukiri kwamba hupitisha siku nzima akimvisha mtoto, akimlisha, akimkoga, akimpeleka chuoni na kumrudisha, na jioni akiulizwa mtoto leo alikuwaje, hana la kusema. Kila mmoja amehudumiwa, na hakuna aliyeonwa. Hatuna dawa ya maneno mengi kwa jambo hili. Tuna pendekezo dogo, nalo tumelipata kwa Mfaransa huyu na gugu lake.

Juma hili, baada ya Alasiri jua linapopunguza ukali, toka na mtoto mmoja, au mke, au mzazi aliyezeeka. Si lazima kuwe na bustani, njia ya kuelekea ufuoni au ya nyuma ya nyumba yatosha. Simu iachwe nyumbani. Msiende kununua kitu. Acha mtoto achume anachotaka kuchuma, hata kama kwako ni gugu. Ukibaki nyuma, mtazame anavyotembea, na akibaki nyuma yeye, simama umsubiri. Mkirudi, kila mmoja aseme rangi moja aliyoiona, na wengine wasiicheke. Ikiwa nyumbani kuna mtoto anayependa kalamu za rangi, mwacheni achore miti na mawingu na nyasi, na msimsahihishe kwamba jani si buluu. Huenda saa ile aliyoliona jani, lilikuwa buluu.

Mchoraji mwenyewe aliishi hadi mwaka 1926. Uzeeni mtoto wa jicho ulimfunika macho, rangi zikamgeukia, na mwaka 1923 akafanyiwa upasuaji ili aendelee na kazi. Jean, yule mtoto wa nyasini, alifariki mwaka 1914, baba akamzika. Kwa hiyo katika watu walioshiriki siku ile, baba, mama na mwana, aliyebaki mwisho ni yule aliyekuwa akitazama.

Na lile shada alilolishika mtoto mkononi, kwa tuijuavyo mipopi, halikufika jioni. Petali zilianguka njiani, labda kabla hawajaufikia mlango. Mama hakumzuia kuchuma kwa sababu hiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona walio mbele yetu wakiwa bado wako mbele yetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.